Unalipia "organic" ya kutoka nje? Namna ya kuhakiki cheti kabla hujatoa hela

Mnunuzi_wa_Dar (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni kununua vyakula vya nje kwa niaba ya maduka hapa Dar es Salaam. Napokea ofa kutoka Dubai, Afrika Kusini, India na Ulaya, na siku hizi ofa nyingi zina bidhaa za "organic": chia, oti, siki ya tufaha, mafuta ya nazi, siagi ya karanga, uji wa watoto. Bei yake iko juu. Mteja anayeilipa anaamini ananunua chakula kilicholimwa bila dawa za viwandani wala mbolea za chumvichumvi, na ana haki ya kupata alichokilipia.

Kuna muuzaji mmoja wa jumla, simtaji, nilimwomba cheti cha chia zake. Akanitumia picha ya cheti safi, kina nembo, saini na muhuri. Nikasoma jina la mwenye cheti: kampuni nyingine kabisa, ya nchi nyingine, na bidhaa zilizoorodheshwa ni ufuta na alizeti. Chia haimo. Nilipomuuliza akajibu, "Bosi, wateja wangu wote wanakipokea hichohicho." Hao wateja wake ndio wanaotuuzia mimi na wewe, na ndiyo sababu ya uzi huu. Kuhakiki hakuhitaji fedha. Kunahitaji simu, bando na kujua unatazama nini.

Ukilishika jambo hili moja, mengine yatakuwa mepesi: cheti cha kilimo hai, yaani organic, hakitolewi kwa pakiti. Anapewa mtu au kampuni, kwa kazi fulani, kwa bidhaa fulani, kwa muda fulani. Mkulima ana chake, au kikundi chake. Mwenye kiwanda ana chake. Anayesafirisha, anayeingiza, anayechanganya na anayefungasha, wote hukaguliwa na taasisi ya ithibati, kwa kawaida kila mwaka. Mzigo ukifunguliwa na mtu asiye na cheti, kuanzia hapo hauna tena haki ya kuitwa wa kilimo hai, hata kama shambani ulikuwa safi.

Tuanze na pakiti za Ulaya maana ndizo rahisi kuzisoma. Kuna nembo ya jani lililochorwa kwa nyota 12 kwenye kijani. Tangu Julai 2010 nembo hiyo ni ya lazima kwa bidhaa za kilimo hai zinazofungashwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Kwa zile zinazoingia zikiwa zimeshafungashwa ni hiari. Lakini jani peke yake mtu yeyote mwenye printa anaweza kulichapa. Tazama maandishi madogo yaliyo karibu nalo: herufi mbili za nchi, neno fupi kama BIO, ÖKO, ECO au ORG, kisha namba. FR-BIO-01 ni Ecocert ya Ufaransa. DE-ÖKO-006 ni ABCERT ya Ujerumani. Uingereza imeshatoka kwenye Umoja lakini imebaki na mtindo huo, na GB-ORG-05 ni Soil Association. Sambamba na namba kuna mstari unaosema malighafi imelimwa wapi: ndani ya Umoja wa Ulaya, nje yake, au mchanganyiko. Pakiti ina jani lakini haina namba wala mstari huo? Irudishe rafuni.

Hapa wengi huchanganya mambo. Ile namba ni ya taasisi iliyomkagua mtu wa mwisho aliyeandaa bidhaa, yaani mfungashaji au mweka lebo. Kakao iliyolimwa Kyela ikageuzwa chokoleti Ujerumani itabeba namba ya DE, huku mstari wa pili ukisema imelimwa nje ya Umoja. Kwa hiyo namba inakuambia ni nani wa kumuuliza. Shamba liko wapi, hilo haikuambii.

Marekani wana mduara wa USDA, yaani wizara yao ya kilimo. Pale tazama chini ya jina na anwani ya kampuni, lazima kuwe na maneno "Certified organic by" yakifuatiwa na jina la taasisi ya ithibati. Kuweka mduara huo, bidhaa iwe na angalau asilimia 95 ya viambato vya kilimo hai, maji na chumvi vikiwa vimeondolewa kwenye hesabu. Kuna daraja la chini yake linaloanzia asilimia 70, ambapo mtengenezaji anaruhusiwa kusema imetengenezwa kwa viambato fulani vya organic, lakini mduara haruhusiwi kuuweka. Ukikuta mduara na maneno ya daraja la chini kwenye pakiti moja, hapo pana tatizo.

Ukishapata jina la kampuni na taasisi, ingia mtandaoni. Kwa Marekani kuna Organic Integrity Database ya USDA, bure, haidai hata kujisajili. Andika jina la kampuni, itakuonyesha kama cheti kiko hai, kimesimamishwa au kimefutwa, na bidhaa zake. Kwa Ulaya kuna mfumo wa TRACES, ambako vyeti vya kampuni vimewekwa wazi kwa umma. Tazama vitu vitatu kwenye cheti cha TRACES: tarehe ya mwisho, aina ya bidhaa na aina ya kazi. Aina ya kazi ndiyo watu huiruka. Kampuni inaweza kuwa na cheti cha kuhifadhi na kusambaza tu. Ikiwa haina cheti cha uandaaji, basi haina ruhusa ya kufungua magunia na kufunga vipakiti vyenye jina lake.

Hilo linanipeleka kwenye kinachoniuma zaidi: vipakiti vya kufungashia upya. Gunia la kilo 25 la chia au unga wa mlozi linakuja na lebo halali. Duka linalifungua, linajaza mifuko ya gramu 250, linabandika stika yake, "organic". Hapo mnyororo umekatika. Hakuna aliyekagua ile stoo. Hakuna anayejua kama mizani ileile na ndoo ileile havikupimia chia za kawaida asubuhi, au kama kwa gunia moja la organic hayauzwi magunia matatu ya stika. Sheria ya Ulaya yenyewe inamwachia mwenye duka auze bila cheti bidhaa iliyokuja imefungwa tayari, ilimradi hafungui wala haandai, hana ghala la mbali na duka, na hakuiingiza mwenyewe kutoka nje ya Umoja. Akianza kufungasha, anakaguliwa.

Kwa haraka haraka: maneno "natural", "pure" na "farm fresh" hayana mkaguzi nyuma yake. Nembo ya chura ya Rainforest Alliance na alama ya Fairtrade ni mambo mengine, mazuri kwa kazi zake, lakini si kilimo hai. Na samaki wa kuvuliwa baharini hawezi kuwa "organic" kwa sheria ya Ulaya wala ya Marekani. Mafuta aliyowekewa kwenye kopo yanaweza kuwa, samaki mwenyewe hapana.

Karibuni wadau, mwenye uzoefu aongeze nyama.

---

Mama_Nuru

Asante sana kaka kwa elimu. Mimi nanunua uji wa mtoto wa kutoka Ujerumani. Una jani, una namba ya DE-ÖKO, na una jina la kampuni. Nimejaribu TRACES lakini nikiandika jina la uji hakuna kinachotokea. Nakosea wapi? Na je, nikikosa wa organic, huu wa kawaida ni sumu kwa mtoto?

---

Mnunuzi_wa_Dar

Dada, usiandike jina la uji. Jina la kibiashara na jina la kampuni mara nyingi ni tofauti. Geuza boksi, tafuta anwani ndogo, mara nyingi iko karibu na ilani ya matumizi, jina linaloishia na GmbH au AG. Hilo ndilo la kuandika, kisha chagua nchi. Kikija cheti zaidi ya kimoja, fungua ambacho tarehe zake zinahusu leo.

Kuhusu swali la pili, hapana, usiogope. Ulaya imeweka ukomo wa jumla wa miligramu 0.01 za mabaki ya kiuatilifu kwa kilo kwenye maziwa ya kopo na vyakula vya watoto wachanga, viwe vya kilimo hai au vya kawaida. Ukiwa na uji uliotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya, wa kawaida, umefungwa vizuri na haujapita tarehe, mtoto wako analindwa na ukomo huohuo. Usijinyime mboga na samaki wa mtoto ili ununue jani. Nasema hivi huku nikiwa nauza bidhaa hizo.

---

Mdadisi_Huru

Mkuu naheshimu bandiko lako, lakini naona unawapa watu matumaini makubwa mno kwa makaratasi. Italia, Desemba 2011, polisi wa fedha wa Verona walivunja mtandao uliouza kama organic karibu tani 700,000 za bidhaa za kawaida, thamani ya euro milioni 220. Nyaraka zilikuwepo zote. Marekani, Randy Constant wa Missouri aliuza nafaka za zaidi ya dola milioni 142, sehemu kubwa kabisa zikiwa si organic, na Agosti 2019 akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 10. Aliuza miaka na miaka akiwa na cheti cha kweli. Cha kweli, mkuu, si cha kughushi! Sasa mimi wa Mbagala nikitazama simu yangu nitagundua nini ambacho wakaguzi wenyewe hawakukiona?

---

Mnunuzi_wa_Dar

Hoja nzito, na ni ya haki. Kuhakiki cheti kunakuondolea matapeli wa kawaida: anayetumia cheti cha mwenzake, kilichokwisha muda, cha bidhaa nyingine, au kilichofutwa. Kwa soko letu hao ndio wengi. Tapeli mwenye cheti halali anahitaji mkaguzi mwenye kalamu na mizani.

Ila tazama hawa wakubwa walivyo.  Constant alikuwa anauza nafaka nyingi kuliko ambazo mashamba yake yaliyothibitishwa yangeweza kutoa. Na ongeza hili: Mei 2017 gazeti la Washington Post liliandika habari ya meli iliyobeba soya pauni milioni 36, kama tani 16,000, kutoka Ukraine kupitia Uturuki hadi California. Zilianza safari kwa bei ya soya ya kawaida, zikafika zikiwa "organic", thamani imepanda kwa karibu dola milioni 4. Kilichobadilika kuzifanya organic ni karatasi tu. Dawa ya wizi wa namna hii ni kuhesabu kilo: zilizotoka shambani, zilizoingia ghalani, zilizouzwa.

Na Marekani walibadilika kwa sababu ya kesi hizi. Kanuni yao mpya ilianza kutekelezwa tarehe 19 Machi 2024. Kila shehena ya organic inayoingia nchini mwao lazima iwe na cheti chake cha uingizaji kwenye mfumo wa forodha, na madalali wengi waliokuwa wanashika karatasi bila kukaguliwa sasa lazima wawe na cheti. USDA pia huchapisha orodha ya vyeti vya kughushi vilivyonaswa. Ukiletewa cheti kinachotaja USDA, pitia orodha hiyo kwanza.

---

Bandarini_Hamburg

Salaam wakuu. Niko Hamburg, nafanya kazi kwenye ghala la kampuni inayoingiza korosho na viungo, baadhi kutoka nyumbani. Niongeze kwa upande wa kupokea mzigo.

Kwa Ulaya kila shehena ya kilimo hai kutoka nje ya Umoja huja na cheti cha ukaguzi, watu wa kazi wanakiita COI. Tangu Oktoba 2017 lazima kitolewe kupitia TRACES. Taasisi ya ithibati ya kule mzigo unakotoka lazima ikitoe kabla shehena haijaondoka nchini humo. Kimeandikwa kila kitu: nani kauza, nani kanunua, namba ya bechi, uzito, namba ya kontena, namba ya lakiri. Mzigo ukifika, mamlaka ya mpakani inapitia nyaraka, na ikiona kuna haja inachukua sampuli. Wasipoidhinisha kwenye mfumo, hatuwezi kuuza kama bio. Mzigo utauzwa kama wa kawaida, na tofauti ya bei inakula kwetu.

Kontena likifunguliwa, mimi na mwenzangu tunasoma namba za bechi kwenye magunia moja baada ya jingine na kulinganisha na kilicho kwenye skrini. Kuna siku gunia zilikuja na bechi ambayo haimo kwenye cheti. Zilikuwa korosho nzuri, nyeupe, kavu. Ziliwekwa kando zimezungushiwa utepe mwekundu, tukawaarifu wanaotukagua, na zikakaa hapo hadi aliyesafirisha alipoleta maelezo yanayoshika. Wenzangu wapya huwa wanashangaa, korosho si ni hizohizo? Lakini ukishaachia gunia moja lisilo na maelezo, kesho huna jibu la kumpa mkaguzi juu ya gunia lolote.

Sasa kwa mnaoingiza Dar: COI ni ya kuingilia Ulaya, msitegemee kuiona. Mnachotakiwa kudai ni cheti cha shehena, ambacho taasisi nyingi za ithibati hukitoa muuzaji akiomba. Cheti cha mwaka kinasema kampuni hii ina ruhusa. Cheti cha shehena kinasema kilo hizi, za bechi hii, za ankara hii, zimeuzwa kwa mtu huyu. Muuzaji akikutumia cheti cha mwaka tu, uliza cha pili.

---

Mnunuzi_wa_Dar

Mkuu wa Hamburg, umenisaidia sana. Kwa wanaonunua India, ambako viungo na ufuta mwingi hutoka, hili ni jepesi zaidi: kule kila shehena ya organic inayotoka nchini hutolewa cheti chake kupitia mfumo wa TraceNet, unaosimamiwa na mamlaka yao ya APEDA. Muuzaji wa India anayekuambia cheti cha shehena hakipo, mtilie shaka.

Na hata kikiwepo, usilale. Septemba 2020 Ubelgiji ilitoa taarifa ya ufuta wa India wenye mabaki ya ethilini oksidi, gesi ya kuulia vijidudu ambayo Ulaya imeikataza kwenye chakula. Bidhaa za organic nazo zilikutwa nayo. Baadaye Umoja wa Ulaya ukaziondoa taasisi tano za ithibati za India kwenye orodha ya zinazotambuliwa. Marekani nayo ilitangaza Januari 2021 kwamba haikubali tena usimamizi wa India kama mbadala wa wake. Ndiyo maana nasisitiza kumjua mthibitishaji, na kuangalia kama bado anatambuliwa na nchi ambayo kanuni zake anadai kuzifuata.

---

Pwani_Mombasa

Ndugu zangu, huku kwetu kila bidhaa ya nje ina stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ile ya ISM. Dukani nikauliza kama hii asali ni organic kweli, mwenye duka akanionyesha stika hiyo, "si unaona, imepitishwa". Je, yatosha? Na si ingekuwa rahisi tupeleke maabara tu tumalize maneno?

---

Mnunuzi_wa_Dar

Haitoshi, ndugu. ISM inasema bidhaa ya nje imekidhi viwango vya Kenya. Kwetu nako usajili wa vyakula uko TBS, shirika letu la viwango, tangu Julai 2019, na alama zao zinahusu ubora na usalama. Ni muhimu, chakula kisicho nazo usikile. Lakini hakuna hata moja inayosema mkulima alitumia nini shambani. Alama yetu ya kilimo hai Afrika Mashariki ni Kilimohai, inayosimama juu ya kiwango cha mwaka 2007, EAS 456. Hiyo utaikuta kwenye bidhaa za kwetu. Asali ya Ulaya hutegemei iwe nayo. Itafutie jani na namba.

Maabara inasaidia, ila haimalizi maneno. Kilimo hai kinathibitishwa kwa namna chakula kilivyolimwa na kutunzwa, miaka kadhaa nyuma. Kwa kanuni za Ulaya shamba hupitia mpito wa miaka miwili kabla ya kupanda mazao ya msimu, na mitatu kabla ya kuvuna mazao ya kudumu kama kahawa na kakao. Mbolea ya chumvichumvi iliyowekwa kwenye mahindi haitaonekana kwenye kipimo cha viuatilifu. Upande mwingine, mkulima msafi anaweza kukutwa na chembe za dawa iliyopeperushwa na upepo kutoka kwa jirani. Marekani wana mstari ulio wazi: mabaki yakizidi asilimia 5 ya kiwango kinachoruhusiwa kwa chakula cha kawaida, zao haliuzwi kama organic. Ulaya hawana mstari wa namna hiyo, kukutwa na dawa isiyoruhusiwa kunaanzisha uchunguzi. Kwa asali Ulaya wanatazama pia mizinga ilipo: maua yanayotegemewa ndani ya kilomita 3 yawe hasa ya porini au ya mashamba ya kilimo hai. Hilo utalipima kwa kipimo gani cha maabara?

---

Kakao_Kyela

Wakuu, nimesoma kimya kimya toka mwanzo. Mimi nilikuwa mkaguzi wa ndani wa kikundi cha wakulima wa kakao huku Kyela, kakao inayokwenda Ulaya. Mkuu aliyesema dawa ni kuhesabu kilo, tunaohesabu ni sisi.

Kila mkulima ana faili. Ndani kuna ramani ya shamba, idadi ya miti, mazao mengine aliyochanganya, jirani zake wanalima nini, na makadirio ya mavuno. Nikifika kwake siendi shambani kwanza. Naomba kuona stoo. Ndani ya stoo natazama bomba la kupulizia. Mkulima atasema ni la shemeji yake, la nyanya za bondeni. Basi nitalishika, nitalinusa, nitafungua kifuniko nione maji yaliyobaki yana rangi gani, kisha nitaomba kuona hizo nyanya. Wengi ni wakweli. Asiye mkweli huanza kuongea sana kabla hujauliza.

Kisha shambani: majani ya chini ya miti, vichupa vilivyotupwa kwenye mfereji, mpaka na jirani. Halafu kwenye mizani. Kilo tatu za kakao mbichi hutoa karibu kilo moja kavu, kwa hiyo mtu akileta kavu tunajua alivuna kiasi gani. Ukiwa na makadirio ya kilo 300 kavu kwa msimu, halafu umefika na 480, tunakaa chini. Mara nyingi ni kakao ya ndugu yake asiye mwanachama, na ukimsikiliza utamwonea huruma, ndugu ana shida ya ada ya shule na bei yetu ni nzuri zaidi. Lakini ikiingia, inachafua mzigo wa kijiji kizima. Nilishakataa mzigo wa mtu ninayesali naye kanisa moja.

Baada yetu anakuja mkaguzi wa nje, wa taasisi ya ithibati. Kwa sheria ya sasa ya Ulaya, ile namba 2018/848, anapaswa kurudia kukagua angalau asilimia 5 ya wanakikundi, na wasipungue 10, na kuchukua sampuli kwa angalau asilimia 2. Kikundi hakiruhusiwi kuzidi watu 2,000 na lazima kiwe na usajili wake kisheria. Vikundi vikubwa vililazimika kugawanywa, kazi ya makaratasi ikaongezeka sana, na gharama yake inatoka kwenye kakao yetu.

Ninachoomba kwenu mnaonunua vya nje: dai cheti kwa ukali uleule ambao wazungu wanatudai sisi. Mkulima wa Kyela anapekuliwa hadi stoo kwake. Haifai mfanyabiashara wa mjini abandike stika bila hata kuulizwa.

---

Mdadisi_Huru

Mkuu wa Kyela, hapo kwenye kilo umenishika. Nilikuwa nachukulia ukaguzi ni mtu kusaini fomu. Bado naona mtaani kwetu hakuna wa kumkagua huyo mwenye stika. Tufanyeje kwa hilo?

---

Mnunuzi_wa_Dar

Kwa sasa mkaguzi ni mteja. Nunua kilichofungwa na mwenye cheti, kiache kilichofungashwa upya hadi mfungashaji aonyeshe cheti chake cha uandaaji. Sisi wanunuzi wa maduka tuna nguvu zaidi. Mimi sasa siweki oda ya organic bila vyeti vyote viwili, cha mwaka na cha shehena, na namba ya bechi iandikwe kwenye ankara. Wauzaji wawili walikasirika wakaacha kunijibu. Wengine walileta ndani ya siku chache, maana walikuwa navyo, hakuna aliyewahi kuwaomba.

---

Mama_Nuru

Nimerudi jamani. Kampuni ya uji nimeiona, cheti kiko hai, aina ya kazi ina uandaaji. Nimefurahi. Ila siagi ya karanga ninayonunua duka la jirani ina stika ya duka na neno organic, haina namba wala nchi. Niandike nini kwa mwenye duka ili asinione mkorofi? Ni mtu tunayeheshimiana.

---

Mnunuzi_wa_Dar

Mtumie WhatsApp hivi, dada, badilisha tu jina la bidhaa:

"Habari za leo. Naomba kujua siagi ya karanga ya organic mnayouza imefungashwa na nani. Kama mmefungasha nyinyi, naomba picha ya cheti chenu na jina la taasisi iliyokitoa. Kama imefungashwa na mwingine, naomba jina la kampuni na namba ya bechi ya boksi la asili. Nataka kuhakiki kabla sijanunua tena. Ahsanteni."

Akijibu kwa jina la kampuni, liweke hapa tulitazame pamoja kwenye mifumo. Akisema hana cheti, mwombe aondoe neno hilo kwenye stika na auze kwa bei ya siagi ya kawaida. Siagi yenyewe huenda ni nzuri tu, utaendelea kuinunua.